Siku 117 katika Chelezo: Mke Alipokuwa Nahodha

Watu wa nyumba moja hujuana vema siku ya shida. Katika siku za neema mume na mke waweza kukaa chini ya paa moja miaka mingi, wakala na kucheka pamoja, wala wasijue ni nani kati yao atakayesimama imara mambo yatakapoharibika. Bwana Maurice Bailey na mkewe Maralyn, Waingereza wawili, walilijua jambo hilo mwaka 1973, walipokuwa wakielea katika bahari ya Pasifiki bila mashua, bila nchi kavu machoni, na bila mtu yeyote duniani aliyejua walipo.

NYUMBA YAUZWA

Wawili hao walioana mwaka 1963, wakakaa Derby, mji ulio katikati ya Uingereza na mbali na pwani. Walikuwa watu wa mshahara kama wengine. Bibi Maralyn ndiye aliyetoa shauri kwamba wauze nyumba yao, na kwa fedha hizo wapate mashua ya matanga ambayo itakuwa nyumba na chombo cha safari. Jambo la ajabu ni kwamba bibi huyo hakujua kuogelea.

Mashua ilikuwa na urefu wa futi 31. Waliiita Auralyn, jina lililounganishwa kutokana na majina yao wawili. Maisha ya chombo kama hicho hayana tofauti kubwa na maisha ya kambini. Kila kitu kina mahali pake, maji ya kunywa hupimwa, na usiku watu hupokezana zamu, mmoja akilala na mwingine akilinda. Asiyeweza kuvumilia tabia za mwenzake hana mlango wa kutokea.

Mwezi wa Juni 1972 waliondoka Southampton wakikusudia kwenda New Zealand kuanza maisha mapya. Walivuka bahari ya Atlantiki, wakatembelea visiwa vya Karibi, na mwezi wa Februari 1973 wakapita mfereji wa Panama na kuingia Pasifiki. Hawakuchukua simu ya upepo ya kupeleka habari. Bwana Maurice alitaka safari iliyo huru, isiyoingiliwa na mambo ya nchi kavu. Uhuru huo ungewagharimu.

NYANGUMI AIPASUA MASHUA

Alfajiri ya tarehe 4 Machi, walipokuwa wamebakiza maili karibu 300 kufika visiwa vya Galapagos, mashua ilipata kishindo kikubwa. Walipotoka nje walimwona nyangumi akitapatapa huku akitokwa na damu nyingi. Alikuwa ameitoboa mashua chini ya maji. Walijaribu kuziba tundu kwa nguo na kwa chochote walichopata, lakini maji yaliwashinda. Haikupita saa nzima Auralyn ikazama mbele ya macho yao, na nyumba yao, akiba yao na matumaini yao vikaenda nayo chini.

Waliingia katika chelezo cha mpira kilichofungamanishwa na kidau kidogo cha mpira. Walikuwa wameokoa chakula cha makopo, maji, vitabu vichache, ramani na chombo cha kupimia jua. Usiku kadhaa walipiga makasia wakitumaini kufika Galapagos, lakini mkondo wa bahari uliwachukua upande mwingine kwa nguvu kuliko mikono yao. Ikawabidi kuacha.

NAHODHA ABADILIKA

Katika mashua, nahodha alikuwa Bwana Maurice. Yeye ndiye aliyejua nyota, ramani na hesabu za safari. Lakini katika chelezo elimu hiyo haikuwa na kazi tena, ila kumwonyesha kila siku jinsi walivyozidi kuwa mbali na nchi. Moyo wake ulimvunjika. Alijilaumu kwa yaliyotokea, akaona kifo ndicho kilichosalia.

Bibi Maralyn hakumgombeza, wala hakungoja apate nguvu. Alianza kuendesha chelezo kama mama anavyoendesha nyumba yenye upungufu. Alihesabu makopo, akapanga kipimo cha kila siku. Makopo yalipokaribia kwisha, alipinda pini za nguo zikawa ndoana, na samaki wakapatikana. Walikamata kasa kwa mikono na kuwachinja kwa shida kubwa, wakala nyama na kutumia mabaki kuwa chambo. Ndege wa baharini waliotua juu ya chelezo nao wakaliwa. Hata papa wadogo bibi huyo alijifunza kuwashika kwa mikono mitupu. Maji ya mvua waliyakinga kwa paa la chelezo, wakayanywa ingawa yalikuwa na ladha mbaya.

Pamoja na kazi ya kulisha mwili, alilisha na akili. Alikata karatasi akatengeneza karata, wakacheza. Aliandika habari za kila siku. Walipanga vyakula ambavyo wangewapikia rafiki zao watakaporudi, na wakachora mashua yao ya pili, wakibishana kabati lipi likae wapi. Mtu wa nje angedhani ni wazimu. Kumbe palikuwa na maana kubwa, kwa maana mtu anayebishana juu ya kabati la mwakani hajakubali kufa leo.

MELI SABA ZAPITA

Wakati huo chelezo kilitoboka, ikabidi kijazwe upepo mara kwa mara mchana na usiku. Ngozi zao zilipata vidonda vya maji ya chumvi, na Bwana Maurice aliugua sana. Meli saba zilionekana. Waliwasha fataki za kuomba msaada, wakapunga makoti ya mvua, lakini kila meli ilikwenda zake. Kila mara mume alizidi kukata tamaa, na kila mara mke alirudi kwenye ndoana zake.

Tarehe 30 Juni bibi alisikia mlio wa injini, akamwamsha mumewe. Ilikuwa Weolmi 306, meli ya uvuvi ya Korea ya Kusini. Maralyn alipunga koti, meli ikapita. Hakuacha kupunga. Kisha meli ikageuka ikarudi. Walipopandishwa, baada ya siku 117, miguu yao haikuweza kuwasimamisha. Wavuvi hao waliwalisha na kuwauguza kwa wema mkubwa mpaka Honolulu.

BAADA YA HAPO

Bwana na Bibi Bailey waliandika kitabu juu ya mkasa wao. Baadaye mashua iliyochorwa katika chelezo iliundwa kweli, ikaitwa Auralyn II, nao wakasafiri nayo pamoja na wenzao hadi Patagonia, Amerika ya Kusini. Bibi Maralyn alifariki mwaka 2002, na mumewe mwaka 2018. Mwaka 2024 habari zao zilisimuliwa upya katika kitabu cha mwandishi Sophie Elmhirst. Bwana Maurice hakuona haya kukiri kwamba bila mkewe asingalipona.

Ungamo hilo ndilo linalofaa kukumbukwa nyumbani. Wahenga walisema, nahodha wengi chombo huenda mrama, na ni kweli. Lakini nahodha mmoja akiugua, au akiwa mbali kikazi, au moyo wake ukimvunjika, chombo hakipaswi kuachwa kwa mawimbi. Heri nyumba ambayo mke anajua kushika usukani bila kumdharau mumewe, na mume anajua kuuachia bila kuona aibu.