Umuteko na Ibisigo: Msamiati wa Imani wa Kiha na Tatizo la Fasili ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kiha huzungumzwa katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, hususan katika wilaya za Kasulu na Kibondo, pamoja na Buhigwe na Kakonko zilizomegwa kutoka kwazo mwaka 2012. Lugha hii ni ndugu wa karibu wa Kirundi, hata wasemaji wa pande mbili huelewana bila ya mkalimani. Msamiati wake ulichapishwa na Nakagawa mwaka 1992, na Harjula akatoa sarufi yenye matini na orodha ya maneno mwaka 2004. Panapohitaji kazi zaidi ni katika fasili ya maneno ya imani na masimulizi. Makala haya yanadai kwamba maneno hayo hayafasiliki kwa kisawe kimoja cha Kiswahili, kwa kuwa maana yake imefungamana na mahali mahususi na kazi inayofanywa hapo.

2.0 Umbo na Maana

Tuanze na jina la lugha. Wenyeji huiita Igiha, na nchi yao Buha. Kiambishi ki- hugeuka kuwa gi- mbele ya shina linaloanza na konsonanti isiyo ghuna. Hii ndiyo Kanuni ya Dahl, ambayo Kiswahili hakina. Tunaposema Kiha na Uha tumebadili umbo tu, maana haikupotea. Ugumu huanza pale maumbo yanapofanana ilhali maana zimeachana. Shina -zimu, kwa mfano, limezaa katika Kiswahili mzimu, kuzimu na zimwi wa ngano. Msomaji wa pwani akikutana na shina hilo katika matini ya Kiha atadhani amekwisha kulielewa.

3.0 Maneno Matatu

3.1 Mwami. Vitabu hulifasili neno hili kuwa ‘mfalme’ au ‘chifu’. Kisawe cha kwanza kina jinsi, cha pili kina harufu ya utawala wa kikoloni. Mwami Theresa Ntare alipotawala Heru, Kasulu, hakuitwa kwa neno jingine; cheo kilikuwa kile kile. Kiswahili kingemlazimisha awe ‘malkia’, neno ambalo huweza pia kumaanisha mke wa mfalme.

3.2 Umuteko (wingi: abateko). Huyu alikuwa kiongozi wa ibada za ardhi katika eneo dogo. Aliwagawia wageni mashamba, aliamua migogoro ya mipaka, na alisimama baina ya watu na nguvu za nchi waliyoilima. Watawala wenye asili ya Kitutsi walishika enzi, lakini umuteko aliishika ardhi kwa upande wa ibada. Tukiandika ‘mteko’ bila maelezo, msomaji atalihusisha na kitenzi teka. Tukiandika ‘mganga’, tutakuwa tumefuta mamlaka yake juu ya ardhi.

3.3 Ibisigo. Hawa ni pepo wa maumbile: wa vichaka, miti mikubwa, maji na wanyama wa porini. Wagner, katika makala yake ya mwaka 1996 kuhusu mazingira na historia ya Buha, amewapa nafasi kubwa. Hawa si pepo wa wahenga. Kiswahili huwachanganya wote katika neno ‘mizimu’, na hapo hupotea tofauti baina ya uhusiano wa mtu na ukoo wake na uhusiano wake na nchi.

4.0 Neno na Mahali

Tofauti hiyo ina uzito wa kihistoria. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa Buha katika makazi mapya ili kuzuia malale. Katika miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Ukoo unaohama huweza kuendelea kuwatambikia wahenga wake huko uendako. Lakini igisigo wa kijito fulani hahamishwi, na umuteko aliyeondolewa katika eneo lake hubaki na jina bila kazi. Umwami ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1963, nasi twaijua tarehe. Uteko haukuwa na sheria ya kuufuta. Ulififia kimya kimya pamoja na mahali pake.

Hali hii si ya Buha pekee. Joseph Wright alipotoa kamusi yake ya lahaja za Kiingereza katika juzuu sita, kati ya 1898 na 1905, aliingiza humo mila na imani za mashambani pamoja na maneno yenyewe. Neno boggart, pepo msumbufu wa kaskazini mwa Uingereza, limo humo. Nayo bustani ya umma ya Boggart Hole Clough mjini Manchester ingali na jina hilo. Vivyo hivyo Muhambwe na Buyungu, himaya za kale, zilikuja kuwa majina ya majimbo ya uchaguzi. Jina hudumu, maana huhitaji mtu wa kuieleza.

5.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba kila kidahizo cha aina hii kiandikwe pamoja na toni yake, jina la mahali kilipokusanywa, kazi ya mhusika, na japo kipande kimoja cha simulizi linalokitumia. Kisawe cha Kiswahili kije mwisho, tena kwa tahadhari. Waliokuwa watu wazima mwaka 1963 sasa wamefikia au wamepita umri wa miaka 80. Sarufi ya Kiha itaweza kuandikwa tena na kizazi kijacho kutokana na wasemaji watakaokuwapo. Fasili ya umuteko haitaweza.