Kweli au si kweli: koloni la wafungwa la Sydney na mwambao wake

Tarehe 26 Januari 1788, Kapteni Arthur Phillip alipandisha bendera ya Uingereza kando ya hori dogo lenye kijito cha maji matamu, akaliita Sydney Cove. Meli zake 11 zilikuwa zimeng'oa nanga Portsmouth Mei ya mwaka uliotangulia, zikapitia Tenerife, Rio de Janeiro na Cape Town, zimebeba wafungwa zaidi ya 700, wanaume kwa wanawake. Ndivyo lilivyoanza koloni la New South Wales. Yamesimuliwa mengi juu ya siku zake za mwanzo, na sifa nyingi zimemwendea aliyekuwa na kalamu mkononi. Tuyapime baadhi ya madai.

Uingereza ilikusudia Australia tangu mwanzo.

Si kweli. Zamani wafungwa wake walipelekwa Marekani. Vita vya uhuru wa Marekani vilipoifunga njia hiyo, magereza yalifurika, wengine wakarundikwa kwenye meli chakavu zilizofungwa mitoni. Wakubwa wa London wakaitazama Afrika kwanza. Kuna wafungwa waliopelekwa kwenye ngome za Afrika Magharibi. Ukajadiliwa mpango wa kuwatupa kwenye kisiwa cha Mto Gambia, ukaachwa. Kisha meli iitwayo Nautilus ikatumwa kukagua mwambao wa kusini magharibi mwa Afrika, pande za Namibia ya leo. Ikarudi mwaka 1786 na habari za jangwa tupu. Agosti mwaka huohuo Botany Bay, ghuba ya mashariki mwa Australia jirani na Sydney Cove, ikachaguliwa.

Nahodha Mwingereza James Cook ndiye mtu wa kwanza kufika Australia.

Si kweli hata kidogo. Wenyeji wameishi katika bara hilo kwa zaidi ya miaka 50,000. Hata miongoni mwa Wazungu, Mholanzi Willem Janszoon alishuka upande wa kaskazini mwaka 1606, miaka 164 kabla ya Cook. Cook mwenyewe alipotaka kushuka Botany Bay mwaka 1770, alikuta wanaume wawili wa jamii ya Gweagal wamesimama ufukweni na mikuki, wakimzuia. Walifyatuliwa risasi. Sheria ya wageni ikaja kuichukulia nchi ile kama haina mwenyewe, na mahakama kuu ya Australia haikulikataa wazo hilo mpaka mwaka 1992, katika kesi ya Mabo.

Wafungwa wale walikuwa wauaji.

Si kweli. Wengi walikuwa wezi: wa nguo, wa kondoo, wa fedha kidogo. Miongoni mwao walikuwemo watu wenye asili ya Afrika. Mmoja, John Caesar, alihukumiwa miaka 7 kwa wizi. Alikuwa mtu wa miraba minne, na posho ya chakula haikumtosha. Akatorokea msituni zaidi ya mara moja. Mwaka 1796 gavana alitangaza zawadi ya pombe kwa atakayemkamata, na Caesar akauawa kwa risasi.

Bahari ilikuwa ukuta usiopitika.

Si kweli, ingawa gharama yake ilikuwa kubwa. William Bryant alikuwa mvuvi kabla ya kufungwa, na koloni lilimtegemea kwa samaki. Kwa siri alijipatia dira, kipimo cha jua na ramani kutoka kwa nahodha Mholanzi aliyekuwa bandarini. Usiku wa tarehe 28 Machi 1791, yeye, mkewe Mary, watoto wawili na wanaume saba waliiba mashua ya gavana, wakafuata mwambao wote wa mashariki kuelekea kaskazini. Baada ya siku 69 walifika Kupang, kisiwani Timor, wote wakiwa hai. Walikamatwa huko. William na mtoto wao wa kiume walifia Batavia (Jakarta ya leo), na binti ya Mary, Charlotte, akafa baharini kabla ya kufika Uingereza. Mary alisamehewa mwaka 1793.

Njiani watu hao waliona makaa ya mawe ufukweni, kaskazini mwa Sydney. Ilikuwa miaka sita kabla Luteni John Shortland hajaingia mto Hunter na kupewa sifa ya kuyagundua makaa hayo. Na Shortland alikuwa anafanya nini kule? Alikuwa akiwasaka wafungwa wengine waliotoroka na mashua.

George Bass aliuvumbua mwambao wa kusini kwa ushujaa wake.

Ushujaa ni kweli. Desemba 1797, daktari huyu wa meli alitoka Sydney na wapiga makasia sita katika mashua ya kuwindia nyangumi, akafika hadi Western Port. Mwaka uliofuata, yeye na baharia mwenzake Matthew Flinders waliizunguka Tasmania katika jahazi dogo Norfolk na kuthibitisha kwamba ni kisiwa.

Lakini kabla ya Bass, mwambao ule ulikwisha kupitwa kwa miguu. Februari 1797 meli Sydney Cove, iliyotoka Calcutta, iliharibikia visiwani kaskazini mwa Tasmania. Watu 17, wengi wao makalasi wa Kihindi, walitangulia na mashua kutafuta msaada. Nayo ikavunjika, wakatembea kama kilomita 700 kuelekea Sydney. Wenyeji waliwapa samaki na kuwavusha mito, ingawa kwingine walishambuliwa. Walionusurika ni watatu, mmoja wao Mhindi. Habari zao za makaa ya mawe waliyoyaona njiani ndizo zilizomfanya Bass atumwe kuyatazama.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Januari 1798. Karibu na Wilsons Promontory, Bass aliona moshi kwenye kisiwa kidogo. Akakuta wafungwa saba waliotoroka Sydney, wenzao wamewatelekeza. Mashua yake ilikuwa ndogo. Akawapakia wawili, mzee na mgonjwa. Watano akawavusha bara, akawaachia bunduki, ndoana, mishipi na dira, akawaonyesha njia ya kuelekea Sydney. Hawakuonekana tena. Mlangobahari unaoitenga Tasmania na bara una jina la Bass; majina ya wale watano hayamo kwenye ramani yoyote.

Flinders ndiye aliyeizunguka Australia.

Kweli, lakini hakuwa peke yake. Mwaka 1802 na 1803 ndani ya meli Investigator alikuwa na Bungaree, mwenyeji wa pande za Broken Bay, aliyetangulia kushuka pwani bila silaha kuzungumza na jamii nyingine. Hata pale lugha zilipopishana, alijua adabu ya kumkaribia mwenye nchi. Ndiye mzaliwa wa kwanza wa bara hilo anayejulikana kulizunguka lote.

Waswahili wa Kilwa walifika Australia kabla ya Cook.

Sarafu ni kweli, safari haijathibitishwa. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa Australia. Tano zilikuwa za shaba, za masultani wa Kilwa. Nne zilikuwa za Kiholanzi, zilizopigwa karne nyingi baadaye, kwa hiyo huenda zote ziliachwa na mkono mmoja wa nyakati za karibu.

Tunachojua kwa hakika ni kwamba Februari 1803 Flinders alikuta vyombo sita vya Makassar, katika Indonesia ya leo, jirani na visiwa hivyo. Walikuja kuvua jongoo bahari wa kuuza China, wale wale wanaookotwa na wavuvi wetu pwani. Mpishi wa Flinders, Mmalay, akawa mkalimani. Mkuu wa vyombo, Pobassoo, alisema amefika huko mara sita au saba katika miaka 20. Koloni la Waingereza hakuwahi kulisikia. Flinders alipolitaja jina la Port Jackson, bandari ya Sydney, kijana wa Pobassoo alichukua kalamu akaliandika kwa maandishi ya kwao.