Difyuza ya Nyuzi za Kaboni: Hewa Inavyofanyishwa Kazi Uvunguni mwa Gari

Difyuza ni sehemu ya mwisho ya sakafu ya gari upande wa nyuma, chini ya bampa, pale ambapo sakafu huacha kulala sambamba na barabara na kuanza kupanda polepole. Anayesimama nyuma ya gari huiona kama mdomo mpana wenye mapezi yaliyosimama wima, mara nyingi katikati ya mabomba ya ekzosi. Huo ni ukingo wake tu. Kazi yenyewe hufanyika uvunguni, ambako hewa iliyoingia kutokea mbele hupewa njia ya kutoka bila vurugu. Katika magari ya kifahari ya safari ndefu, yale ambayo Waitaliano waliyaita gran turismo, sehemu hii mara nyingi hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, malighafi iliyoanzia kwenye ndege na magari ya mbio kabla ya kufika barabarani.

Gari la gran turismo lina mahitaji yanayovutana. Linatakiwa kuwa na viti vya ngozi, utulivu ndani na nafasi ya mizigo, na papo hapo liweze kukimbia kama gari la mbio. Bentley Continental GT ya injini ya silinda 12 iliyotoka mwaka 2018 ina uzito wa takriban kilo 2,240, na mwendo wake wa juu ni kilomita 333 kwa saa. Kwa mwendo huo hewa huwa nzito kiasi cha kuamua kama gari litatulia au litayumba. Wenye magari kama haya kwa kawaida hawapendi bawa kubwa lililosimama juu ya buti, kwa kuwa huharibu sura ya gari. Mbunifu hubaki na uvungu, mahali ambapo kazi kubwa inaweza kufanyika bila kuonekana.

Tatizo la kwanza la kutatua ni la gari kutaka kunyanyuka. Hewa inayopita juu ya boneti, kioo na paa huongeza kasi, na mgandamizo wake hushuka. Chini ya gari, ikiwa kuna mashimo, mabomba na vyuma vilivyojitokeza, hewa hujikwaa na kurundikana. Tofauti hiyo ya mgandamizo huyapunguzia magurudumu ya nyuma uzito, na tairi lisilo na uzito wa kutosha hushika barabara kwa shida. Audi TT ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, ilionyesha jambo hili hadharani: baada ya ajali kadhaa za mwendo mkali nchini Ujerumani, kiwanda kiliyaita magari hayo yarudi na kuyafungia spoila ya nyuma, pamoja na kurekebisha springi na kuongeza mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti kuyumba.

Namna difyuza inavyofanya kazi

Msingi wake ni kanuni iliyoandikwa na Mswisi Daniel Bernoulli mwaka 1738: majimaji au hewa inapoongeza kasi, mgandamizo wake hupungua. Mwishoni mwa karne ya 18, Mwitaliano Giovanni Battista Venturi alichunguza mtiririko unaopita kwenye bomba lenye kiuno chembamba na kuonyesha kwamba mgandamizo huwa mdogo zaidi pale penye wembamba. Uvungu wa gari ni kiuno cha namna hiyo. Pande zake mbili ni sakafu ya gari na uso wa barabara, na hewa inayobanwa katikati huongeza kasi.

Hewa hiyo lazima itoke, na hapo ndipo difyuza inapoingia. Kwa kuwa sakafu yake hupanda, nafasi kati yake na barabara hupanuka. Hewa hupunguza kasi taratibu na mgandamizo wake hupanda hadi kukaribia ule wa hewa ya nje. Kwa sababu mgandamizo wa mwisho umefungwa na ule wa nje, upanuzi huo huulazimisha mgandamizo wa kabla yake, chini ya sakafu, ushuke zaidi. Matokeo yake hewa nyingi zaidi huvutwa kupita uvunguni, na gari hubanwa chini kuelekea barabarani. Eneo lenye mvuto mkubwa kuliko yote huwa pale pale sakafu inapoanza kupanda, wala si kwenye mdomo unaoonekana nyuma.

Difyuza husaidia pia kupunguza ukinzani. Gari linalokwenda kasi huacha nyuma yake shimo la hewa yenye mgandamizo mdogo ambalo hulivuta lisisonge mbele. Hewa inayotoka uvunguni kwa utaratibu huliziba shimo hilo kwa kiasi fulani. Bawa huleta mbano kwa gharama ya ukinzani mwingi. Sakafu nzuri na difyuza huleta mbano kwa gharama ndogo zaidi, na hilo lina thamani kubwa kwa gari linalotakiwa kwenda mwendo mrefu bila kelele wala kunywa mafuta kupita kiasi.

Pembe ya kupanda ndiyo roho ya usanifu. Kwa magari mengi huwa kati ya digrii 7 na 15 hivi, ikitegemea urefu wa difyuza na umbali wa gari kutoka ardhini. Pembe ikiwa ndogo mno, faida huwa ndogo. Ikizidi, hewa hushindwa kuufuata mwinuko, hubanduka kwenye sakafu na kugeuka vurugu, na mbano hupotea ghafla. Mapezi yaliyosimama wima huigawa difyuza katika vichochoro, huzuia hewa yenye vurugu ya magurudumu isiingie katikati, na kwenye kingo zake huzalisha mikondo inayojizungusha ambayo husaidia hewa iendelee kuishika sakafu.

Umbali kutoka ardhini nao una mipaka yake. Gari likishushwa, mbano huongezeka, kwa kuwa kiuno kimekuwa chembamba zaidi. Likishushwa kupita kiasi, tabaka la hewa linaloshikamana na sakafu na lile linaloshikamana na barabara hukaribia kukutana, mtiririko hukabwa na mbano huanguka. Ndiyo maana magari ya mbio yana springi ngumu zinazolinda umbali usibadilike, ilhali gari la kifahari lenye springi laini hulazimika kukubali mbano mdogo zaidi.

Takwimu za gari moja

Aston Martin DBS Superleggera ya mwaka 2018 ni mfano mzuri. Ni gari la gran turismo lenye injini ya silinda 12 mbele, mabamba ya mwili ya nyuzi za kaboni na difyuza yenye ngazi mbili. Kiwanda kilitangaza kwamba, kwa mwendo wake wa juu wa kilomita 340 kwa saa, hewa huliongezea gari mbano wa kilo 180, kwa difyuza na vifaa vingine vyote kwa pamoja. Mbano hufuata mraba wa mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, mbano huongezeka mara nne. Hesabu hiyo ikirudishwa nyuma, kwa kilomita 110 kwa saa gari hilo hilo hupata karibu kilo 19 tu, na kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo wa mjini, hupata kama kilo 4. Difyuza basi huanza kutoa faida ya maana katika mwendo ambao barabara nyingi za umma duniani haziuruhusu. Thamani yake ipo kwenye viwanja vya mbio na kwenye vipande vya barabara kuu za Ujerumani visivyo na kikomo cha mwendo.

Kutoka uwanja wa mbio hadi barabarani

Nguvu ya uvungu iligunduliwa kwa ukamilifu kwenye mbio za Formula 1. Colin Chapman na wahandisi wake wa Lotus walitengeneza gari la Lotus 78 mwaka 1977, lenye vyumba vya pembeni vilivyopinda chini kama bawa lililogeuzwa. Mwaka uliofuata Lotus 79 ilimpa Mario Andretti ubingwa wa dunia. Mwaka huo huo Gordon Murray, mhandisi mzaliwa wa Afrika Kusini, aliunda Brabham BT46B iliyofyonza hewa ya uvunguni kwa feni kubwa. Niki Lauda alishinda nayo nchini Sweden, kisha ikaondolewa mashindanoni. Magari yalipozidi kuwa na kasi ya hatari kwenye kona, kuanzia mwaka 1983 sheria ikataka sakafu iwe bapa kati ya magurudumu. Wabunifu wakahamishia ujuzi wao kwenye kipande cha nyuma kilichobaki huru, na difyuza ikawa kiini cha mashindano. Mwaka 2009 timu ya Brawn ilitumia difyuza yenye ngazi mbili, na Jenson Button akawa bingwa.

Magari ya barabarani yalifuata. Murray huyo huyo alisanifu McLaren F1, iliyozinduliwa mwaka 1992, ikiwa na kiunzi cha nyuzi za kaboni na feni mbili ndogo za kusaidia hewa ya nyuma. Ferrari F355 ya mwaka 1994 ilikuja na sakafu iliyofunikwa, na 360 Modena ya mwaka 1999 ikaifanya difyuza kubwa kuwa sehemu ya sura ya gari. Baadaye Ferrari iliongeza vibao vinavyojisogeza ndani ya difyuza, kama kwenye 458 Speciale na 812 Superfast: kwenye kona hubaki mahali pake ili mbano uwepo, na kwenye barabara iliyonyooka hushuka kuiua difyuza kwa makusudi ili ukinzani upungue.

Kwa nini nyuzi za kaboni

Nyuzi zenye nguvu za kaboni zilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1958, katika maabara ya Roger Bacon wa kampuni ya Union Carbide nchini Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Akio Shindo wa Japani alionyesha njia ya kuzitengeneza kutokana na uzi wa akriliki, na watafiti wa Farnborough, Uingereza, wakaiendeleza. Toray ya Japani ilianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 1971. Mwaka 1981 McLaren ilileta gari la kwanza la Formula 1 lenye kiunzi cha malighafi hiyo.

Uzi wa akriliki hupashwa moto hewani kwa joto la nyuzijoto 200 hadi 300, kisha hupitishwa kwenye tanuri lisilo na oksijeni, kwa joto linalozidi 1,000, hadi kubaki karibu kaboni tupu. Kila unyuzi huwa na kipenyo cha maikromita 5 hadi 7, chini ya sehemu ya kumi ya unywele wa kawaida. Maelfu ya nyuzi hukusanywa kuwa fungu moja, na mafungu hufumwa kuwa kitambaa, mara nyingi kwa mfumo wa mshazari unaoleta michirizi maarufu.

Difyuza bora hutengenezwa kwa kitambaa kilichokwisha kulowekwa epoksi na kuhifadhiwa kwenye friza. Fundi hukikata, hukipanga tabaka kwa tabaka ndani ya kalibu kwa mielekeo tofauti, hukifunika kwa mfuko na kufyonza hewa yote. Kisha kalibu huingizwa kwenye tanuri la mgandamizo, ambamo joto la nyuzijoto 120 hadi 180 na mgandamizo unaozidi mara kadhaa ule wa hewa ya kawaida huigandisha epoksi bila kuacha mapovu. Njia nafuu ni kufyonzea epoksi kwenye kitambaa kikavu, au kuipaka kwa mkono, ambayo huacha kipande kizito na dhaifu zaidi.

Faida ya malighafi hii ni ugumu wake kwa uzito mdogo. Sentimita moja ya ujazo ya nyuzi za kaboni zilizogandishwa ina uzito wa gramu 1.6, alumini gramu 2.7, na chuma cha pua au cha kawaida karibu gramu 7.8. Plastiki ya ABS ni nyepesi kuliko zote, gramu 1.05, lakini hupinda kwa urahisi. Ili bamba la ABS lisipinde kuliko bamba la nyuzi za kaboni lenye unene wa milimita 1.5, litahitaji unene wa karibu milimita 5, na uzito wake utakuwa takriban maradufu. Kutokupinda ndilo jambo lenyewe: hewa ikiivuta difyuza kwa nguvu, pembe iliyopimwa kwenye handaki la upepo lazima ibaki ilivyo. Hata hivyo, kwa gari la kilo 2,000, uzito unaookolewa ni kilo chache tu, na difyuza ya plastiki iliyoimarishwa kwa mbavu za ndani inaweza kufanya kazi ile ile. Bei kubwa ya nyuzi za kaboni hulipia pia mwonekano wake.

Udhaifu na matunzo

Epoksi hulainika ikipata joto la ekzosi, kwa hiyo difyuza huhitaji ngao ya kuakisi joto. Mionzi ya jua huigeuza kuwa ya manjano na kuifubaza isipofunikwa kwa vanishi inayozuia mionzi hiyo. Nyuzi za kaboni hupitisha umeme, na zikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa na kutu. Wenye magari ya pwani huhitaji skrubu na vikingio vinavyofaa. Kipande hiki pia hakibonyei kama bati. Kikigonga tuta au ukingo wa barabara hupasuka, na wakati mwingine tabaka za ndani huachana bila alama kubwa juu. Mipasuko midogo huweza kuzibwa kwa kitambaa na epoksi mpya, ila kipande kilichoachana tabaka kwa eneo kubwa hubadilishwa.

Sokoni kuna difyuza nyingi zisizofanya kazi ya hewa. Baadhi ni plastiki iliyobandikwa stika yenye michirizi ya kaboni. Kwenye kipande halisi michirizi huonekana kuwa na kina na hubadilika mwanga unapogeuzwa. Nyingine ni kaboni halisi, lakini hufungwa chini ya bampa la gari ambalo uvungu wake umejaa mashimo, tenki na mabomba yaliyo wazi. Difyuza hukamilisha kazi iliyoanza mbele ya gari. Bila sakafu bapa inayoifikishia hewa tulivu, bila gari kuwa karibu na ardhi, na bila mwendo mkubwa, hubaki kuwa pambo la bampa, hata ikiwa imefumwa kwa kaboni bora kuliko zote.