Mabano Yaleyale, Mara Milioni: Kache Inavyookoa Kichanganuzi
Kokotoa ((((7)))) kichwani. Rahisi, si ndiyo? Basi kuna programu ambazo mabano yakizidi kidogo tu, zinaganda.

Kichanganuzi ni programu inayosoma maandishi na kutambua muundo wake. Tuseme kanuni yake ni hii: hesabu ni kipande, alama ya kujumlisha, kisha hesabu nyingine, ikishindikana, ni kipande peke yake. Kinasoma mabano mpaka mwisho, kinatafuta alama ya kujumlisha, hakioni. Kinarudi mwanzo kusoma mabano yaleyale upya! Ndani ya kila mabano mchezo ni huohuo, kwa hiyo kila jozi inazidisha kazi mara mbili. Jozi 10, mara 1,024. Jozi 20, zaidi ya mara milioni.

Dawa yake ni kache, yaani daftari. Kila kanuni ikijaribiwa mahali fulani, andika jibu: imefaulu na kuishia wapi, au imeshindwa. Ukirudi hapo, soma daftari tu. Bryan Ford aliieleza mbinu hii katika tasnifu yake ya uzamili, MIT, mwaka 2002: muda sasa unakua sawia na urefu wa maandishi.

Lakini daftari linakula memori. Ndiyo maana kichanganuzi kipya cha Python 3.9, mwaka 2020, kinatunza majibu ya kanuni chache zilizochaguliwa. Na ukihariri maandishi bila kufuta majibu yaliyoguswa, utapewa jibu la jana kwa swali la leo. Haraka sana, na si sahihi.