Herufi Zilizovuliwa Viatu

Hadithi hii si ya hapo zamani za kale. Ilitokea London, Uingereza, yapata mwaka 1816, na mhusika wake mkuu ni mstari mmoja wa herufi.

Kwanza, chukueni kitabu cha hadithi mkitazame kwa karibu. Katika vitabu vingi, herufi I kubwa ina vijistari juu na chini, kama mtu aliyevaa kofia na viatu. Kisha itazameni I ya kwenye kibao cha barabarani: kijiti kitupu, hakina kofia wala viatu. Leo hatushangai. Lakini kwa karne nyingi wachapaji wa Ulaya hawakuwa na kijiti hicho.

Wakati huo herufi zilisubiwa kwa madini, moja moja. Fundi alichonga herufi kinyumenyume kwenye ncha ya kipande cha feleji, akaigonga juu ya shaba mpaka ikaacha shimo lenye umbo lake. Shaba hiyo ndiyo kalibu. Humo alimimina risasi iliyoyeyushwa pamoja na bati na antimoni. Jijini London, ukoo wa Caslon ulivuma sana kwa kazi hii. Mzee wao, William Caslon, aliianza katika miaka ya 1720, na herufi zake zilivuka bahari: mwaka 1776 Tangazo la Uhuru wa Marekani lilichapwa kwa herufi za Caslon. Herufi hizo zilikuwa na viatu vyake.

Kitukuu wake, William Caslon wa nne, ndiye aliyezivua. Katika kitabu chake cha sampuli aliweka mstari huu mmoja wa herufi kubwa: W CASLON JUNR LETTERFOUNDER. Yaani alitangaza jina lake na kazi yake ya kusubu herufi, basi. Hakuongeza neno la kueleza. Aina hiyo aliiita ya Kimisri, ingawa haikutoka Misri. Napoleon alikuwa amepeleka jeshi huko mwaka 1798, Jiwe la Rosetta likafika London mwaka 1802, na watu wa mjini wakashikwa na homa ya kila kitu cha Misri. Mimi naona lilikuwa jina la biashara tu. Hata mawazo hayakuwa yake peke yake: msanifu majengo John Soane alikuwa amekwisha kuandika herufi za namna hiyo kwenye michoro yake.

Mwaka 1819 Caslon aliuza kiwanda chake kwa watu wa Sheffield, mji wa visu na feleji. Zaidi ya miaka kumi ikapita tangu mstari ule uchapwe kabla wengine hawajaingia katika mchezo. Vincent Figgins alitoa herufi zake zisizo na viatu, na William Thorowgood akatoa zenye herufi ndogo pia. Baadaye zikajaa kwenye mabango, maduka na stesheni za treni.

Sasa tuje kwa waliozifufua herufi hizo za Caslon. Hebu hesabuni herufi tofauti katika ule mstari wa Caslon. Mtapata 14. Kwa hiyo anayeutazama mstari huo tu haoni B, wala G, wala M, wala Q: herufi 12 hazimo. Bahati njema, kalibu za shaba zilihifadhiwa na wanunuzi wa Sheffield, kwa hiyo herufi kubwa zilizokosekana hazikupotea.

Kazi ngumu ilikuwa herufi ndogo, kwa sababu Caslon hakuzichonga kabisa. Wachoraji wa kampuni ya Font Bureau ya Marekani, walipotengeneza fonti ya kompyuta kutokana na mstari ule, yapata mwaka 2001, hawakuwa na a ya kunakili. Ilibidi waulize: Caslon angeipinda vipi g? Mkia wa y angeuacha wapi? Wakabuni, wakaongeza na unene mbalimbali, kwa sababu gazeti haliwezi kuishi kwa unene mmoja. Wengine watasema huo si ufufuo. Mimi nasema ni ushirikiano wa watu ambao hawakuwahi kuonana: ukikuta neno limechapwa kwa fonti hiyo, herufi kubwa ya mwanzo ina asili yake kwa kitukuu wa Caslon, na ndogo zinazoifuata ni za wachoraji waliokuja karibu miaka 200 baada yake.