Chakula cha Njiani katika Mji wa Toronto

Katika nchi zetu msafiri wa gari la moshi hana haja kubwa ya kukitafuta chakula, kwa kuwa chakula ndicho kimtafutacho yeye. Gari lisimamapo Morogoro, au Dodoma, au Tabora, hata ikiwa ni usiku wa manane na abiria wamelala wakiegemeana mabegani, mara husikika sauti za kina mama na vijana chini ya madirisha, na masinia yameinuliwa juu: mayai ya kuchemsha na chumvi yake iliyofungwa katika kipande cha gazeti, kuku wa kukaanga, mihogo, ndizi mbivu, karanga, na asali ndani ya chupa. Mkono mmoja hutoa fedha, mwingine hupokea chakula, na chenji ikichelewa muuzaji hukimbia sambamba na behewa mpaka aifikishe. Nimetanguliza habari hizi za nyumbani kwa sababu mtu aliyelelewa katika desturi hiyo, akifika Kanada na njaa yake ya njiani, atakaa dirishani akingojea jambo lisilotokea. Huko madirisha ya mabehewa hayafunguki, abiria hapandi jukwaani ila gari lake likiwa tayari, na hakuna mchuuzi apitaye na sinia. Atakaye chakula chenye ladha ya mahali hana budi atoke nje ya stesheni, atembee kwa miguu yake, na aitazame saa.

Stesheni kuu ya Toronto, iitwayo Union Station, ni jengo adhimu. Ujenzi wake ulianza mwaka 1914, ukacheleweshwa na vita na kisha na magombano marefu juu ya njia za reli, hata ikafunguliwa mwaka 1927 na Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza. Mbele yake zimesimama nguzo 22 za mawe, na ndani mna ukumbi wa urefu upatao mita 76, wenye dari ya kuba iliyoinuka mita 27. Na juu ya kuta zake yamechongwa majina ya miji ambayo msafiri wa zama zile aliweza kuifikia kwa reli, toka pwani ya mashariki hadi pwani ya magharibi. Chini ya ukumbi huo yamejaa maduka ya chakula, walakini mengi ni ya makampuni yenye matawi kila mji, na mkate ulao hapo ungeweza kuula popote.

Hapa ndipo liondokapo gari liitwalo The Canadian, ambalo hufunga safari mara mbili kwa juma kwenda Vancouver, mwendo wa kilomita 4,466 na siku 4 usiku na mchana. Abiria wa vyumba vya kulala huandaliwa mezani katika behewa la chakula, na malipo yamekwisha kuingizwa katika nauli yao. Ama abiria wa viti, ambaye ndiye ninayemwandikia, hutegemea kantini ndogo ya humo garini na masurufu aliyojifungia mwenyewe. Likishaondoka Toronto gari huingia katika misitu na maziwa ya kaskazini, nalo husimama katika vijiji ambamo mtu hushuka kunyoosha miguu tu. Kwa hiyo Toronto ndipo mahali pa kununua, na abiria mwenye saa mbili au tatu mkononi kabla ya safari anaweza kula vizuri kuliko wengi waliokaa katika mji huo mwezi mzima bila ya kuuliza.

Dakika 10 kwa miguu upande wa mashariki, kwa kuifuata Front Street, lipo soko la St. Lawrence, ambalo limekuwako tangu mwaka 1803. Hufungwa Jumatatu, na Jumamosi huja wakulima na mazao yao. Hapo chakula cha kale cha mji ni mkate uliotiwa vipande vya nyama ya nguruwe iliyolowekwa katika maji ya chumvi na kuviringishwa katika unga. Kwanza ulikuwa unga wa njegere za manjano, sasa ni wa mahindi. Mchinjaji mmoja Mwingereza, William Davies, aliyehamia Toronto mwaka 1854, ndiye asifiwaye kwa kuueneza, na biashara yake ilikua hata mji ukapewa lakabu ya mji wa nguruwe. Muislamu atapita kando, lakini asidhani kwamba soko limemfungia mlango: ipo jibini ya kila namna, yupo samaki wa kukaushwa kwa moshi, na vipo vikate vidogo vya siagi na sukari, vyenye kiini kinachomiminika mdomoni, ambavyo ni fahari ya jimbo la Ontario. Aulize tu ganda limekandwa kwa mafuta gani, kwa sababu baadhi ya waokaji hutumia ya nguruwe. Na muuzaji hujibu kwa adabu bila ya kuona ni swali la ajabu.

Lakini wenyeji wa Toronto ni nani? Karibu nusu ya wakazi wake wamezaliwa nje ya Kanada, na kwa hiyo chakula cha mahali ni kile walichokuja nacho. Katika stesheni za reli ya chini ya ardhi, mathalan Warden na Bathurst, huuzwa patty ya Jamaika, ambayo ni kama binamu wa sambusa: ganda la manjano lililookwa, likimeguka kwa tabaka, na ndani nyama ya kusaga yenye pilipili kali. Hutolewa ya moto katika mfuko wa karatasi, na mafuta yake huuchora mfuko kabla hujafika jukwaani. Mwaka 1985 maofisa wa serikali waliwakataza wauzaji kutumia jina hilo, kwa hoja kwamba kisheria patty ya ng'ombe ni nyama tupu isiyo na unga. Waokaji wakasimama imara, hata ikakubaliwa iitwe patty ya Jamaika, na tarehe 23 Februari hukumbukwa mpaka leo kuwa siku ya patty hiyo. Nawastahi watu wale, maana jina la chakula ni sehemu ya ladha yake.

Mwenye saa nyingi zaidi na apande tramu ya 506 kwenda Gerrard Street, mtaa wa Wahindi. Majira ya joto utaona mahindi yakichomwa barabarani juu ya makaa, na mchomaji akachukua kipande cha ndimu, akakichovya katika chumvi na pilipili, akasugua punje toka ncha hadi ncha. Nilisimama nikautazama mkono ule kwa muda mrefu, kwa kuwa ndio mkono wa wachomaji wa Forodhani, Unguja. Wala si ajabu kuikuta Afrika Mashariki mjini humo: Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na Kanada ikawapokea wapatao 6,000 kabla ya mwaka kwisha. Wengine wakafuata kutoka Kenya na Tanzania. Hawakuweza kuchukua maduka wala nyumba zao, ila walichukua mishkaki, kuku wa kupaka, na muhogo, ambao katika vinywa vyao umekuwa mogo, na ndivyo uandikwavyo katika mikahawa yao ya Toronto. Kwa maoni yangu hakuna masurufu ya safari yanayoushinda muhogo huo wa kukaanga: hauvuji, huliwa kwa vidole, na ukipoa bado una utamu.

Na mbele kabisa katika njia ya The Canadian, siku ya tatu, upo mji wa Winnipeg, ambapo nyuma ya stesheni kuna soko la The Forks, lililofunguliwa mwaka 1989 katika mazizi ya zamani ya farasi wa makampuni ya reli, nalo huuza samaki wa ziwani na mkate wa bannock wa watu wa asili. Gari husimama hapo kwa muda mrefu, lakini usiuamini muda huo mpaka umemwuliza mhudumu, kwa maana njia ni mali ya kampuni ya magari ya mizigo, na gari la abiria huwekwa pembeni kuyangoja.

Jioni ya kwanza garini, misitu ikiwa imefunga pande zote mbili, nilifungua karatasi yangu ya muhogo. Mama wa Kizungu aliyeketi upande wa pili akanusa, akageuka, na kabla sijamkaribisha akauliza kama ile ni mogo, maana jirani yake huko Toronto humpelekea kila Idi. Nikamsogezea. Akachukua kipande, akakitazama, kisha akauliza iko wapi ndimu.