Mkuu wa Nyumba ni Nani?

Siku moja darasani tuliwauliza wanafunzi wetu: «Nani mkuu nyumbani kwenu?» Wakajibu kwa sauti moja: «Baba!» Tukauliza tena: nani ajuaye unga umebaki kiasi gani? Mama. Nani akumbukaye siku ya dawa ya bibi? Mama. Nani huamka usiku kusikiliza kama maji yamerudi bombani? Wakaanza kucheka. Msichana mmoja hakucheka, alisema: «Mama halali.»

Neno hilo tumekaa nalo siku nyingi.

Zamani hapa Lubumbashi hesabu ya nyumba haikumwelemea mama namna hii. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilitaka wafanyakazi wake wakae kambini pamoja na wake zao, ikawapa nyumba, posho na matibabu. Gécamines, baada ya mwaka 1967, ikarithi desturi hiyo. Kampuni ilipima unga, mama akaupika. (Hatusemi ilikuwa enzi ya raha, maana kampuni ilipima na mambo mengine mengi ya watu.) Katika miaka ya 1990 migodi ikadhoofika, mishahara ikachelewa miezi na miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kazini kwa mpango uliotegemezwa na Benki ya Dunia.

Akina mama wakashika njia ya soko: makala, sombe, samaki wakavu, unga wa kupima kwa kopo. Hesabu iliyokuwa ofisini ikahamia vichwani mwao. Cheo, lakini, hakikuhama. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, hata baada ya kurekebishwa mwaka 2016, yamwita mume mkuu wa nyumba.

Mwaka 2019 mtaalamu wa Marekani, Allison Daminger, aliyewahoji watu 70 wa nyumba 35, alionyesha kwamba kuwaza nako ni kazi: kuona haja kabla haijafika, kutafuta njia, kuamua, kufuatilia. Katika kuamua, mume na mke walishirikiana. Kuona mbele na kufuatilia kulimwangukia mke zaidi. Mwaka huohuo Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza uchovu unaommaliza mtu kazini, likauhesabu kuwa jambo la ajira tu. Je, mama amwuguzaye mkwe wake mwaka wa tatu sasa, hayumo?

Waume wengi husema: «Mimi namsaidia, aniambie tu la kufanya.» Kumbe huko kuambia ndiko mzigo wenyewe.

Mzee mmoja wa Katuba, aliyeondoka kazini mwaka ule wa 2003, ameyatwaa maji yote ya nyumba yake. Ndiye ajuaye mabidoni mangapi ni matupu. Mwanzoni alisahau mara mbili, wakakosa maji ya bukari; mkewe akanyamaza, asimkumbushe. «Sasa bomba likilia saa nane ya usiku,» atuambia, «naamka mimi. Yeye hata hageuki kitandani.»